Redio Iliyogoma Kuamka

Skrini ya binti yangu ina kitufe kidogo upande wa chini, na ukikibonyeza kinalia tik. Ni mlio mdogo sana, hata nzi akitua juu ya karatasi anaweza kuushinda. Lakini wiki iliyopita niliusikia nikiwa peke yangu dukani kwake, hapa Babati mjini, nikajikuta nimekaa chini, mkono uko palepale kwenye kitufe, na moyo umeshakwenda Maisaka ya utoto wangu.

Nieleze kwanza. Binti yangu ana duka la kuchapa barua na kutoa kopi. Kioo cha kompyuta yake kilipasuka, kwa hiyo akaiunganisha kwa waya na skrini nyingine ya pembeni. Skrini hiyo ukiiacha kidogo bila kuigusa inalala. Kulala si neno, hata sisi tunalala. Shida ni kwamba siku nyingine haitaki kuamka. Kompyuta unaisikia inapumua, kitaa cha rangi ya chungwa kinakutazama, lakini kioo ni cheusi kama tako la sufuria. Siku hiyo mwenyewe alikuwa ametoka, akawa ananielekeza kwa simu. Tikisa kipanya. Nikatikisa. Bonyeza herufi yoyote. Nikabonyeza. Chomoa waya wa nyuma, upulize, urudishe mpaka ukaze. Nikafanya yote. Basi zima kwenye kitufe cha chini, subiri kidogo, washa tena. Tik.

"Haijafa, Mama," aliniambia. "Imelala tu."

Maneno hayo nilishayasikia, tena kwa sauti ya mama yangu. Mimi elimu yangu ni darasa la saba, na sijui kama nina haki ya kuandika mambo ambayo niliyaona kwa macho ya mtoto. Mtoto huona nusu, nusu nyingine anajaziwa na watu wakubwa. Mkiona mahali nimekosea, msinishangae.

Ilikuwa ile miaka ya shida, wakati duka la ushirika lilikuwa na muuzaji, meza na mizani, ila hakuna cha kupima. Nguo tulifulia magadi. Ugali ulikuwa wa unga wa njano uliokuja na meli, na wazee walikuwa wakiula kwa adabu kama watu waliokaribishwa ugenini. Kaka yangu Paskali, mtoto wa kwanza wa nyumba yetu, alianza kuvimba miguu. Sisi wadogo hatukujua kuwa ni ugonjwa mbaya. Tulikuwa tunambonyeza muundi kwa kidole, halafu tunatazama lile shimo linavyojaa polepole, na yeye anacheka na kutuachia tubonyeze tena. Hospitali ya hapa wakasema mafigo, apelekwe Dar es Salaam. Baba akaondoka naye juu ya lori la mbaazi, Paskali amelazwa kwenye magunia, amefunikwa blanketi la mama.

Kabla ya kuondoka Baba alisimama mlangoni akasema jambo moja. Barua zilikuwa zinakawia, mabasi yenyewe yalikuwa hayana dizeli, na simu ilikuwa ya posta tu. Kwa hiyo alimwambia mama, "Kukiwa na neno, nitalipeleka redioni. Kaeni na redio."

Ninyi wa siku hizi labda hamjui. Jioni kulikuwa na matangazo ya vifo. Kwanza unapigwa muziki wa huzuni, halafu mtangazaji anasoma: fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, habari ziwafikie fulani na fulani popote walipo. Nchi nzima ilikuwa inakaa kimya. Upande wetu wa Maisaka redio ilikuwa ni ya kwetu tu, redio ya betri nne kubwa, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama mwali. Majirani walikuja kusikiliza, na tangazo likimhusu mtu wa karibu asiye na redio, mama alijifunga khanga akaenda kumwambia kabla hajala. Aliyesikia tangazo halali nalo. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Lakini mwenye redio hapelekewi habari, maana ameshasikia. Yeye hupelekewa kuni za msiba.

Baba alipoondoka, betri zilikuwa zimeshazeeka. Sauti ikaanza kukonda. Mtangazaji akawa anasikika kama mtu aliye ng'ambo ya ziwa, halafu kama mtu aliye kisimani, halafu kimya. Mama akaipeleka kwa fundi wa redio pale sokoni. Fundi aliifungua, akaipuliza, akaigusagusa ndani kwa bisibisi, akaifunga.

"Mama Paskali, redio hii haina ugonjwa," alisema. "Ina njaa."

Betri ndizo hazikuwepo. Uliza betri dukani, unatazamwa kama umeulizia dhahabu. Walanguzi waliokuwa nazo walikuwa wamezificha kwa kuogopa kukamatwa, na kwa haki niseme kwamba hata wao sijui kama walikuwa nazo. Watu husema tu.

Basi tukaanza kuiamsha kwa ujuzi wetu. Betri zilianikwa juu ya bati kama dagaa, na kazi yangu ilikuwa kuzichunga, kuku wasizidonoe. Mpaka leo nikisikia harufu ya bati lililopata jua, ile harufu ya kutu na vumbi, mate yananijaa. Jioni zinarudishwa, redio inakoroma kidogo, inanyamaza. Tukaziuma kwa meno mpaka zikapata mabonde. Tukazibadilisha nafasi, ya mbele ikaenda nyuma, kama watu wanaobadilishana kitanda cha mgonjwa. Mama akavikwangua vile vyuma vya ndani kwa kigae cha chupa. Mtu mwingine akasema zitobolewe kwa msumari, zinyweshwe maji ya chumvi. Chumvi yenyewe ilikuwa ile chafu ya kutoka ziwa Balangida, tena kidogo, na mama alisimama muda mrefu ameishika kwenye kiganja, anatazama chungu cha mboga, anatazama betri. Tukala mboga bila chumvi. Redio ikalia kama paka, ikalala tena.

Jirani yetu Mama Yuda, ambaye hakuna msiba wala harusi aliyoikosea neno la kuchekesha, alikuja akaikuta imefunikwa kitambaa chake, akasema redio yenu sasa imekuwa mkwe, haizungumzi mbele za watu. Wote tulicheka. Mama naye alicheka, nakumbuka, maana baada ya hapo sikumwona akicheka kwa muda mrefu.

"Haijafa," alimjibu. "Imelala tu."

Mimi nilimwuliza mama kwa nini tusiende kijiji cha jirani, Mutuka, kwa Mzee Gwandu. Mzee huyo alikuwa na redio nzuri, na betri alikuwa anazipata kwa mtoto wake aliyekuwa dereva. Mama alisema tuna redio yetu. Nikasema haisemi. Akasema viboko wanatoka ziwani jioni, watatukuta njiani. Ni kweli viboko walikuwa wanatoka, hilo siwezi kumsingizia mama. Lakini Mutuka tulikuwa tunakwenda jioni kwa mambo mengine. Nikaona ni kiburi, mama hataki kwenda kukaa chini kwenye nyumba ya mtu akasikilize redio ya watu. Niliona aibu kidogo kwa ajili yake.

Sasa nifike kwenye jioni yenyewe. Siku hiyo jua lilikuwa limewaka kweli, betri zilikuwa za moto hata nilizibeba ndani ya gauni. Mama akazipanga, akafunga kifuniko, akazungusha. Redio ikaamka. Haikukoroma, iliamka kabisa, na kilichotoka kilikuwa ule muziki wa huzuni wa kabla ya matangazo. Tulikuwa wawili tu, wadogo zangu walikuwa nje wanafunga ndama. Nilitaka kupiga makofi. Nikamtazama mama nikaona hashangilii. Ameinama, mkono uko kwenye kile kitufe cha kuzungusha, na taa ya redio, ile ndogo ya njano, imemmulika vidole. Mtangazaji akavuta pumzi, unajua wanavyovuta pumzi kabla ya kusoma. Tik. Kimya.

"Imezimika tena," mama alisema.

Nikaamini. Kwa nini nisiamini, si kila siku ilikuwa inazimika? Akafunika kitambaa, akaniambia nikachochee moto. Kama tangazo letu lilisomwa jioni hiyo au nyingine, sijui, na hakuna aliyebaki wa kuniambia.

Walikuja asubuhi moja, jua limeshapanda, betri nimeshazianika. Niliwaona kwenye njia ya kutokea Mutuka, wanawake wamefuatana, kila mmoja na mzigo wa kuni za mbaazi kichwani, na nyuma yao wanaume wachache na fimbo zao. Nikakimbia ndani nikamwambia mama kuna msiba mahali, watu wanapita. Mama alitoka na unga mikononi, akasimama mlangoni, akawauliza kwa upole kabisa, kama jirani anavyouliza, "Poleni jamani. Ni kwa nani?"

Wote walisimama. Mama Yuda, ambaye walimpitia njiani wakaja naye, akaangalia chini. Aliyejibu ni mke wa Mzee Gwandu. Alitua mzigo wake wa kuni, akaunyoosha vizuri kana kwamba ndiyo kazi iliyomleta, ndipo akasema:

"Mama Paskali, kwani hamkusikia?"

Mama hakumtazama yeye. Alilitazama bati, na zile betri juu yake, na kuku mmoja aliyekuwa amepata nafasi.

"Redio yetu ilikuwa imelala," alisema.

Halafu akaushika mlango, unga ukabaki hapo, alama ya kiganja chote, na hakuna aliyeufuta mpaka matanga yalipokwisha.

Mzee Gwandu watu walimsema sana, kwamba angetuma hata mtoto. Mimi sioni alipokosea. Alikuwa amesikia kwa masikio yake jina la kaka, jina la baba, na yale maneno, habari zimfikie Mama Paskali wa Maisaka, Babati. Alijua tuna redio, na ya kulala kwake hakuwa ameyasikia. Alifanya kama mila inavyotaka, akakusanya watu na kuni. Kipindi chote cha msiba alikaa karibu na ukuta, akirudia kwa kila aliyekuja kwamba alidhani tumesikia. Hata wasiomwuliza aliwaambia.

Baba alirudi baada ya muda, peke yake. Alimzika Paskali hukohuko, maana gari la kuleta maiti huku lingetoka wapi, na mafuta yako wapi. Alikuwa amekonda mpaka mbwa wetu alimbwekea. Ndani ya mfuko wake, zimefungwa kwenye gazeti, kulikuwa na betri nne mpya ambazo alizipangia foleni huko Dar es Salaam wakati Paskali bado anaongea. Paskali ndiye aliyemkumbusha, alisema, kwamba nyumbani zimechoka. Alizitia redioni. Iliamka palepale, kwa sauti kubwa, kama mtu aliyekuwa anajisingizia usingizi, ikaanza kueleza habari za kilimo cha pamba. Mama alinyanyuka akaenda zizini, ingawa ng'ombe walikuwa wameshakamuliwa.

Betri zile nazo zilikuja kuisha. Nilikuwepo. Sauti ilikonda, ikaenda ng'ambo ya ziwa, ikaenda kisimani, ikapotea. Haikulia tik. Redio inayokufa yenyewe hailii, inayolia ni ile iliyozimwa kwa mkono, kitufe kikifika mwisho wa kuzungushwa. Jambo hilo nililisikia kwa masikio yangu nikiwa mtoto, na nikakaa nalo umri huu wote bila kuliunganisha na ile tik ya jioni ile, mpaka wiki iliyopita nilipobonyeza skrini ya binti yangu.

Labda nakosea. Miaka ile kila mtu alikuwa anazima redio upesi ili betri zidumu, na mama alikuwa mtu wa kubana. Inawezekana alikuwa anatunza moto uliobaki kwa ajili ya kesho. Ningemwuliza, lakini ameshafariki, na watu walimzika kwa jina hilohilo la Mama Paskali. Ila nikikumbuka vile vidole kwenye mwanga wa njano, naona hazikuwa betri alizokuwa anazitunza. Alikuwa anatusaidia kuianika redio, kuiuma, kuinywesha chumvi yetu ya mwisho, kwa sababu Baba alisema tukae na redio. Na ilipokubali kuamka, alikuta hawezi kuisikiliza. Mutuka ilikuwa karibu, naye hakwenda.

Binti yangu alipiga tena simu. "Mama, vipi, imeamka?"

Nilikitazama kile kitaa cha rangi ya chungwa. Nikamwambia bado, na kwamba nimejaribu yote aliyonielekeza, na ni kweli nilikuwa nimejaribu. Mama naye alijaribu yote. Halafu kwa jioni moja, au mbili, sijui, alishikilia kile kitufe, na muda wote huo, kwake yeye, mwanawe alikuwa bado amelala hospitali Dar es Salaam, anangoja kupona.