Mahali pa Kulaza Gari

Niliondoka Nkubu asubuhi moja bila mpango wowote. Nilichojua ni kwamba kabla ya wiki kuisha nilitakiwa niwe Mombasa nipande meli, na sikuwa na mahali pa kuliacha gari.

Meli yenyewe ilikuwa ya watalii, zile zinazozunguka bahari zikiwa zimebeba watu wasio na safari, wanaokula na kuogelea na kurudi walikotoka. Nilikuwa nimepata kazi ya jikoni kwa miezi michache. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo nimeshika kazi nyingi kwa sababu tu nilitaka kuona zinavyofanywa. Hii ya kupikia watu wote hao juu ya maji sikuwa nimeiona.

Shida ilikuwa gari. Kwa wengine gari ni gari, langu lilikuwa nyumba. Lilikuwa steshen wagon ya zamani. Nilikuwa nimevilaza viti vya nyuma, nikakata godoro likatoshea, nikaweka jiko dogo la gesi na sanduku la nguo, na madirishani nikatundika mapazia ya maua ya zambarau niliyoshona kwa mkono wangu. Sikuwa na chumba mahali pengine popote. Mombasa maegesho hulipwa siku kwa siku, yangeumaliza mshahara kabla sijaupata.

Meru mjini nilianzia kituo cha petroli. Mlinzi alitikisa kichwa kabla sijamaliza. "Hapa ni usiku mmoja, mzee. Asubuhi unatoka, lori zinaingia." Nikaenda kwa polisi, nikiamini hakuna mwizi wa kuingia huko. Askari wa langoni alicheka. "Ukiacha hapa miezi, tutasahau ni ya nani. Itageuka kizibiti. Ukirudi utakuta imebaki namba peke yake." Nilimshukuru kwa kunieleza ukweli.

Nikajaribu Nchiru, kwenye hosteli za wanafunzi zenye ua mpana. Mama msimamizi alikuwa akianika mablanketi.

"Unataka kulaza gari hapa?"

"Miezi michache tu, mama. Nitalipa kabla sijaenda."

"Gari ya mwanaume ilale kwangu miezi yote hiyo, na mwenyewe haonekani? Hawa wasichana watasema nimeolewa na mzimu."

Msichana mmoja aliyekuwa akifua akadakia, "Mathe, si heri huyo mzimu kuliko kukaa hivyo!" Akarushiwa kibanio cha nguo, na mimi nikaondoka nikicheka.

Ndipo nilipomkumbuka rafiki yangu mwenye bucha. Alikuwa Mwislamu wa mjini, mtu wa nyama na usafirishaji, na nyuma ya duka lake kulikuwa na ua wenye lango la chuma. Niliwahi kumfanyia kazi ya kuchoma nyama hapo kwa muda mrefu. Mwezi wa Ramadhani nilikuwa nafuturu mezani kwao ingawa si dini yangu, na watoto wake waliniita baba mdogo. Sikuwa nimeanzia kwake kwa sababu niliona haya kumbebesha mzigo.

"Umezunguka Meru yote na mimi niko?" alifoka. "Kwani mimi ni nani kwako? Ingiza gari!"

Alikataa malipo. Mkewe alinifungia mahamri ya njiani. Nikiwa mlangoni nikakumbuka betri. "Ndugu yangu," nikamwambia, "usiiache ilale sana."

Akanipiga bega. "Isilale? Hiyo niachie mimi."

Inafaa nieleze neno hilo. Mimi nilimaanisha aiwashe mara moja moja, injini ingurume kidogo, betri isife. Lakini kwa wasafirishaji wa Meru na Maua, gari lisilolala ni gari linalofanya kazi mchana na usiku. Likirudi na miraa halijapoa, linapakiwa tena. Nilikuwa nimekaa na watu hao kiasi cha kulijua neno lao, lakini siku hiyo halikunijia.

Sitaeleza mengi ya meli. Niliosha sufuria ambazo mtu angeweza kuogea ndani. Nilijifunza kwamba mikate ya asubuhi huokwa wageni wakiwa bado wanacheza muziki. Chumba chetu cha kulala kilikuwa chini, bila dirisha, na kila nilipolala nililiwaza godoro langu na mwanga wa zambarau uliopita kwenye mapazia. Bandari moja nilipata simu nikampigia.

"Vipi, imelala?"

"Aah, hailali hata kidogo!" akasema, na tukacheka wote wawili. Nilirudi kwenye sufuria zangu nimetulia.

Niliporudi Meru nilishuka stendi nikaenda moja kwa moja buchani, begi mgongoni, na zawadi ya sabuni za melini kwa mkewe. Cha kwanza nilichoona ni pazia jipya la kuzuia nzi juu ya kaunta ya nyama. Lilikuwa na maua ya zambarau. Nilisimama nikiutazama upindo wa chini, mahali nilipoishiwa uzi mweupe nikamalizia kwa mweusi.

"Karibu, baharia!" rafiki yangu akaita, shoka mkononi.

"Gari iko wapi?"

"Iko Maua. Itaingia saa hii."

Iliingia kweli, dereva nisiyemjua akiiendesha kama anafukuzwa. Paa lilikuwa limebonyea kwa magunia. Viti vya nyuma havikuwepo, jiko na sanduku pia, na mahali pa godoro palikuwa na majani ya migomba yaliyooza na maji ya nyama.

"Godoro langu?"

"Lilikuwa linashika nafasi."

"Ulijua nalala humo."

"Si wewe mwenyewe ulisema isilale? Nimekusikiza." Alisema akitabasamu, akiwaangalia wateja ili nao wacheke. Walicheka. Mimi nilimtazama tu, hadi tabasamu likamwishia, na akashusha sauti. "Unajua, nilisikia watu wakipanda hizo meli hawarudi."

Mkewe, aliyekuwa kwenye kiti cha pesa, aliinuka akaingia ndani bila kunisalimu.

Rafiki yangu alinikatia nyama ya paja, nzuri, akaifunga. "Chukua, ndugu yangu, tusikosane kwa chuma." Sikuichukua. Ndiyo mara ya kwanza niliyokataa kitu kutoka mkononi mwake. Sabuni nilizisahau juu ya kaunta.

Nilichukua ufunguo kwa dereva, nikaliendesha gari kuelekea kusini, sijui naenda wapi, injini ikigonga. Hadi Chuka nilikuwa bado namtetea. Labda kweli alilisikia neno kwa sikio la kazi yake, na kosa ni langu. Lakini mtu aliyekosea neno hatundiki mapazia yako dukani kwake. Alikuwa amekwisha kunizika. Na siku ile nilipopiga simu kutoka bandarini, alisikia niko hai, akacheka, akaendelea.

Embu nikapinda kupanda juu. Pale Manyatta gari lilianza kutoa mvuke, nikalitia maji, na kabla ya giza likanifikisha Kianjokoma, mahali ambapo sikuwa nimewahi kukanyaga. Kulikuwa na baridi na harufu ya majani chai. Nilifungua mlango wa nyuma nikajaribu kujilaza, nikashindwa. Sakafu ilikuwa na unyevu, na harufu haikuwa yangu.

Nikauliza chumba. Nilielekezwa kwa mama mmoja mwenye kinu cha posho, cha kusagia unga, aliyepangisha vyumba nyuma ya kinu.

"Unatoka wapi?"

"Meru."

"Vitu viko wapi, nikuitie watu wabebe?"

Nilimwonyesha begi. Aliliangalia, akaniangalia, akachukua kishada cha funguo. Alinionyesha chumba chenye kitanda cha mbao na dirisha linalotazama mashamba. Ukiacha melini, miaka mingi sikuwa nimelala ndani ya kuta. Nikakichukua kwa mwezi.

Alinipa ufunguo. Ufunguo wa pili wa mlango huo ulibaki kwenye kishada chake.

"Na huo?"

"Huu nakaa nao mimi. Ni kawaida."

"Naomba na huo, mama."

Alisita. Kisha akauchomoa polepole, akaniwekea kiganjani. "Na ukipotea?"

"Vunja mlango," nikamwambia.