Sahani ya Tantine Olive

Neno la mtoto Charlène lilipangwa kukatwa siku ya Jumapili, baada ya misa ya pili, na aliyeambiwa awapikie hao wakata-neno alikuwa mama yake mwenyewe, Mapendo.

Mapendo hakushangaa. Tangu mume wake Apollinaire aanguke na gari kwenye barabara ya Bunyakiri, mwaka mmoja na miezi miwili sasa, yeye ndiye aliyekuwa anapika katika ile nyumba ya wakwe zake, mtaa wa Nguba. Alikuwa analala na mtoto wake katika chumba cha nyuma, kile walichokuwa wanawekea makaa ya jiko zamani. Familia ya marehemu ilikuwa ya watu waliosoma. Yeye alitoka Luberizi, kwenye mashamba ya mupunga, na masomo yake yaliishia darasa la sita. Hakuna aliyemtukana kwa hayo mawili kila siku. Jumapili kwa Jumapili ilitosha.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Olive, dada mkubwa wa Apollinaire, anafanya kazi katika ofisi ya shirika moja huko Kinshasa. Ameolewa miaka kumi na mmoja na hana mtoto. Alipokuja kwa matanga alimbeba Charlène siku nne bila kumtua, na sasa alikuwa amerudi kumchukua kabisa. Bibi wa mtoto, Marie-Louise, alikwisha kukubali. Aliyebaki ni Papa Ignace, baba mdogo wa marehemu, mkubwa wa familia. Akisema mtoto aende, ataenda. Akisema abaki na mama yake, hakuna wa kumpinga. Charlène alikuwa na miaka mitano.

Na Papa Ignace, kila mtu alijua, alikuwa mtu wa samaki. Apollinaire alipokuwa hai alikuwa anacheka anasema, baba yangu mudogo huyu, mupe samaki ya nyanya uone, atakupa mpaka shamba. Mapendo aliishika ile kauli wiki nzima. Hakuwa na maneno ya kikao, hakujua Kifaransa cha kupangia hoja, na mbele ya wakwe mwanamke wa pale haongei mpaka aulizwe. Mikono ndiyo ilikuwa ya kumsemea.

Jumapili hiyo aliamka kabla ya kengele ya misa ya kwanza. Mukeke, samaki wa ziwa wa kukaushwa kwa moshi, alikuwa ametumiwa na dada yake kutoka Uvira, umefungwa ndani ya majani makavu. Tilapia watatu wakubwa alikuwa amewanunua jana yake soko la Kadutu, na sambaza, wale samaki wadogo, sahani mbili. Aliwapaka tilapia ndimu na chumvi na kitunguu saumu, akawaacha. Sambaza aliwakaanga mpaka wakalia kwenye mafuta kama mvua ya kwanza juu ya bati. Nyanya alizichagua moja moja, zile laini zinazokaribia kuharibika, kwa sababu ndizo zina utamu, akazitwanga ndani ya kinu na maganda yake.

Marie-Louise akaja kusimama mlangoni, amevaa kitenge cha misa, mkoba mkononi.

"Nyanya zote hizi? Unapikia familia ao unapikia jeshi?"

"Zinapungukaka ku moto, maman."

"Ku moto kila kitu kinapungukaka. Hata akili." Akanyoosha shingo akatazama sufuria. "Utie mafuta ya kidogo. Si kama kwenu kule, munakula mupunga unaogelea."

"Ndiyo, maman."

"Na mutoto asikae mu jiko leo. Olive alimunulia robe nyeupe. Ikipata nyanya, ni wewe utaifua na machozi."

Mapendo alikwisha kulifikiria hilo. Asubuhi, akimchana Charlène nywele, alimwambia maneno ambayo amemwambia tangu ajue kukaa: wageni wakiwa mezani, jikoni hatukimbilii. Ukiitwa kula, unaenda, unakaa, unasema aksanti. Usimwangalie mama. Mama akikutazama hivi, na kidevu hivi, unajua unaenda kukaa na wakubwa. Alitaka waone mtoto aliyelelewa. Alitaka Papa Ignace aseme, huyu mama anajua kulea.

"Na wewe utakula wapi?" Charlène akauliza.

"Mimi niko na sufuria."

"Sufuria ndiyo iko na mingi?"

"Sufuria ndiyo iko na yote. Nyamaza nimalize hapa nyuma."

Waliporudi kutoka misa, mchuzi ulikuwa umekaa. Ulikuwa mwekundu wa giza, umeachia mafuta pembeni, mukeke umetoa moshi wake ndani ya nyanya, sambaza wamelegea, na pilipili moja nzima ilielea katikati bila kupasuka, ili mtoto aweze kula. Seleri aliitia mwisho. Harufu ilitoka jikoni ikapita uani ikaingia sebuleni mbele yake, na akasikia sauti ya Papa Ignace ikiuliza, kabla hata ya kukaa, "Nani anataka kuniua leo?"

Watu walicheka. Mapendo alisikia moyo wake ukipanda.

Kwa desturi ya nyumba ile, mke wa mtoto wao anapika, analeta, anapiga goti kidogo, anarudi. Hakai. Anakula baadaye, jikoni, kilichobaki. Hakuna aliyeiona kama ubaya. Marie-Louise mwenyewe alikula hivyo miaka ishirini kwa mama mkwe wake na sasa alikuwa anakula mezani. Kwa hiyo Mapendo alileta bakuli kubwa, akaleta bugali, akaleta maji ya kunawa. Na akafanya jambo moja la akili yake. Mbele ya Papa Ignace aliweka kichwa kikubwa kuliko vyote. Mbele ya Olive aliweka matumbo ya tilapia wote watatu, ile sehemu laini yenye mafuta, ambayo alikuwa ameitoa miiba mwiba kwa mwiba. Alifikiri, akishiba vizuri atanionea huruma. Huyu naye ni mwanamke.

"Oh, mais Mama Charlène," Olive akasema, akishika mkono wake. Vidole vyake vilikuwa baridi na laini. "Umenitendea vizuri sana. Tutaongea, eh? Usiogope."

Mapendo akarudi jikoni na lile neno, usiogope, akaligeuza geuza kama kitu alichookota njiani.

Alisikia vijiko. Alisikia Papa Ignace akifyonza kichwa cha samaki, kimya kirefu, kisha akisema, "Hapana. Hapana, Marie-Louise. Hii siyo chakula, hii ni mashtaka. Kumbe munakulaka hivi kila siku, na mimi kule juu nabakia na maharage?"

"Anajuaka kupika," Marie-Louise akajibu. "Mungu hamunyimi mutu vyote."

Wakacheka tena. Mapendo alichota bugali la pili na kulipeleka. Alifika kwenye mlango wa korido wakati Papa Ignace anajifuta mdomo na kuegemea kiti.

"Mutoto iko wapi? Hajakula? Mulete."

Charlène akatoka chumbani kwa bibi yake amevaa ile robe nyeupe, soksi zimevutwa mpaka magotini. Akasalimu kwa mikono miwili kama alivyofundishwa. Papa Ignace akamgusa kichwani.

"Charlène. Uko na njaa?"

"Ndiyo, papa."

"Angalia ile meza. Sahani ni mingi. Chagua ile wewe unataka, ukule. Hakuna wa kukukatalia."

Mtoto aligeuka. Macho yake yalipita mezani, yakavuka, yakamfikia mama yake mlangoni na bugali mkononi. Akachukua hatua moja upande huo.

Na Mapendo, kabla hajafikiri, kama vile mtu anavyofuta meza akiona maji, alimtazama hivi na kuinua kidevu kuelekea mezani. Nenda ukae na wakubwa. Hata alitabasamu kidogo, kwa fahari.

Charlène akaenda. Akazunguka kiti cha bibi yake, akapita sahani ya Papa Ignace yenye mifupa ya kichwa, akafika kwa tantine Olive, shangazi yake, mahali palipokuwa na tumbo la samaki lisilo na mwiba, linalong'aa kwa nyanya. Akapanda juu ya magoti yake, akasema aksanti, akaanza kula.

Papa Ignace akapiga meza kwa kiganja, vijiko vikaruka.

"Imeisha! Mumeona? Nilisema nini ku njia ya kutoka misa? Nilisema: tusijichokeshe na maneno, tutamwacha mutoto achague sahani, kwenye anakula ndiko atakaa. Mulisikia wote. Amechagua."

"Tulisikia," Marie-Louise akasema.

Olive aliinamisha uso kwenye nywele za mtoto, mabega yakamtikisika. Alikuwa analia kwelikweli. Wale wengine walimhurumia.

Mapendo bado alikuwa amesimama na bugali. Lilikuwa zito na la moto, na lilimchoma kupitia kitambaa, na hakujua aliweke wapi. Hakuna aliyemwambia njiani. Njiani yeye hakuwepo, yeye alikuwa jikoni. Akajikuta anaongea, bila kuulizwa, kwa mara ya kwanza katika sebule ile.

"Papa Ignace. Unisamehe. Mimi pale ku meza sina sahani."

Kisha mzee akageuka, wala hakukasirika. Alikuwa ameshiba.

"Sahani yako?"

"Ulimwambia achague sahani. Yangu haiko. Angechagua namna gani?"

"Binti yangu, muke mwenye kupika ameketi ku meza na ba-mukwe wake tangu lini? Tungekuwekea sahani, kesho ungesema tulikukosea heshima." Akatazama wengine ili wacheke, na walicheka, si sana. "Na tena, sikia. Nyama ile tamu alikula, nani aliiweka pale? Ni mimi?"

"Ni mimi, papa."

"Basi."

"Hata kidevu," Marie-Louise akaongeza, akiokota sambaza mmoja kwa vidole viwili. "Mutoto alikuwa anaenda kwake. Ni yeye alimuonesha njia na kidevu. Mimi niliona. Mutu asije kusema kesho tulimunyanganya."

Mapendo alifungua mdomo. Alitaka kusema kwamba ile ilikuwa adabu. Kwamba kama angemfundisha mtoto kukimbilia sufuria kama mbuzi, leo angekuwa naye. Lakini Papa Ignace alikuwa amekwisha kupeleka mkono kwenye bakuli.

"Na mchuzi, uko na mwingine?"

Ulikuwepo. Alienda akauleta.

Jioni wageni waliondoka wote, isipokuwa Olive, ambaye alikuwa na ndege ya kesho yake kutoka uwanja wa Kavumu. Charlène alikuwa amelala kwenye kitanda cha bibi yake, robe imetundikwa mlangoni. Mapendo alikuwa uani, anasugua sufuria kwa mchanga na majivu. Chini kulikuwa kumebaki nyanya iliyoshika. Hakuwa ameila.

Olive akatoka na kiti chake mwenyewe, akakaa karibu, akatoa simu.

"Nilitaka kufunga nguo zake," Mapendo akasema, hakuinua macho. "Ziko mbili tatu bado za muzuri."

"Acha. Tutanunua zingine kule. Zile zitakusaidia, unaweza kumupa jirani." Akasogeza kiti. "Mama Charlène, najua unaumia. Kule atasoma. Atakuwa mutu. Wewe bado mudogo, utaolewa, utazaa wengine."

Mapendo alimwagia sufuria maji, akaizungusha, akamwaga.

"Nakuomba kitu kimoja," Olive akasema. "Ile samaki yako. Mimi sijuaka kupika vile, na nisingependa asumbue kula. Unieleze pole pole, nitaenregistrer sauti yako ku simu. Muboyi wangu wa jikoni atasikiliza."

Akabonyeza, akaisogeza simu karibu na mdomo wa Mapendo. Taa ndogo nyekundu ikawaka.

Mapendo akaitazama ile taa. Aliweza kudanganya. Aliweza kusema tia nyanya mbichi mwanzoni kabisa na maji mengi, na mchuzi ungekuwa mchachu wa kukunja uso, na mtoto angeusukuma kando na kusema, siyo kama ya mama. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Kisha akaona Charlène kule Kinshasa, mbele ya sahani, na njaa.

"Kitunguu kwanza," akasema. "Mpaka kigeuke rangi. Nyanya ziwe za kulegea, na uziache zilie peke yake, usizitie maji. Dakika kama makumi tatu. Samaki ya moshi inaingia hapo. Ile mubichi inakuja nyuma, usiivuruge, utikise tu sufuria. Pilipili iwe nzima. Ikipasuka hatakula."

"Muzuri sana. Endelea."

"Umupatie ikiwa imepoa. Ya moto anaogopaka, aliunguaka ulimi. Na hakulaka akiwa peke yake, mutu akae kando yake, hata asipoongea. Usiku, kama pa saa tisa, anaamukaka anaomba maji. Haombi na sauti. Anakaaka tu ku kitanda anangojea. Usipoangalia hutajua. Halafu mvua ikipiga sana, umushike sikio hili la kushoto, kwa sababu babake alikuwa ana—"

"Mama Charlène."

Mapendo akainua macho.

"Mimi nilikuomba ya samaki tu," Olive akasema kwa upole, na akazima simu.