Mkono wa Kufungulia Gulio

Wenzangu mliokulia Uhehe enzi za vijiji vya ujamaa, hebu niambieni, kulikuwa na kitu gani kikubwa kuliko gulio? Tuliondoka nyumbani ukungu bado umelala bondeni, miguu imelowa umande, na gulio la upande wa Kalenga tulilisikia kabla hatujaliona: mbuzi wanalia, kuku wanabishana, wauzaji wanaitana. Halafu harufu ya vitumbua inatupokea njiani. Uwanja mzima ulitandikwa magunia, na juu yake majembe, vyungu, chumvi, kandambili za matairi, makoti yaliyokwisha kuvaliwa na watu tusiowajua. Kila nilipofika nilibaki mdomo wazi, kana kwamba ni mara ya kwanza.

Mama hakushangaa. Mama alinunua. Kwanza alizunguka uwanja wote mikono nyuma, kimya. "Semeni mwanangu, macho hayatozwi ushuru," aliniambia, "ila ukishashika kitu, muuzaji ameshakujua." Vitu vizito alivinunua mwisho ili tusizunguke navyo. Vijana wa leo, wanaopekua viatu kwenye simu tangu magharibi mpaka usingizi uwachukue na wasinunue hata kimoja, wangefaa kukaa darasani kwake.

Tena mkono wake ulisifika kuwa na baraka. Akikufungulia biashara yeye, akawa mnunuzi wako wa kwanza, jioni unakunja gunia tupu. Basi walimsalimu kwa Kihehe kila upande, "Kamwene, Mama Semeni! Njoo unifungulie!" Na bei aliyoitaja hawakuibishia sana.

Mwaka ule nilikuwa nimechaguliwa kwenda sekondari ya bweni Mbeya, na bila blanketi wasingenipokea. Duka la kijiji lilikuwa na viberiti tu. Gulioni tukamkuta mzee mgeni, katoka Makongolosi, ana mablanketi machache na vikorokoro vya kushonea. Alikuwa hajauza kitu. Mama akamwonyesha jogoo wetu tuliyekuja naye.

"Jogoo kwa blanketi?" Mzee akacheka. "Hapana, mama. Labda uongeze mbuzi."

Mbuzi hatukuwa naye. Mama hakubembeleza. Akachagua sindano moja, akailipia.

"Haya baba, nimekufungulia. Nitarudi."

Tukaondoka! Nilipogeuka, watu waliokuwa wakimfuata Mama kwa macho walikuwa wameshamiminika pale, na mablanketi yanaondoka mabegani mwao, moja baada ya jingine. Niliiona shule yangu ikienda nayo. Nililia waziwazi, na Mama akaendelea kuchagua vitunguu, anaminya kimoja kimoja.

Tuliporudi jua lilikuwa limeshapanda. Kwenye gunia la mzee hakukuwa na blanketi hata moja. Alikuwa amekaa katikati yake, peke yake, anatafuna muwa. Alipomwona Mama akainuka taratibu, na pale alipokuwa amekaa kulikuwa na blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu, limekunjwa vizuri.

"Wamenisumbua sana kwa hili," akasema. "Nikaona dawa yake ni kulikalia. Mkono wako nimeuona. Mlete huyo jogoo, mama."

Sijui niwaambieje nilivyomtazama Mama siku ile. Niliogopa hata kumshika mkono. Uwanja wote ule, na kelele zote zile, ulikuwa kiganjani mwake, na yeye ni mama yule yule anayenipikia ugali. Akaniambia tu, "Beba twende, jua kali."

Juzi mjukuu wangu amekwenda chuo. Alibonyeza simu, na bodaboda akaleta blanketi kabla chai yangu haijapoa. Zuri, laini, zito kuliko langu la shule. Nilimpongeza, na kweli nilifurahi. Lakini nilipolikunja nilimwonea huruma kidogo, maana hakuna mtu duniani aliyelikalia asubuhi nzima akimsubiri.