Ndoo ya Mifupa

Mwezi uliopita nilikwenda Sombetini kumwona mdogo wangu, nikakuta mwanawe ameota meno ya mbele. Mtoto wa darasa la pili, mcheshi kwelikweli, lakini akicheka anaweka kiganja mdomoni. Sikuhitaji kuuliza. Sisi tuliokulia chini ya Mlima Meru tunajuana kwa kiganja hicho. Nenda Dar es Salaam, sahau kuficha meno yako ya kahawia, na kabla hujataja jina utaambiwa, "Wewe wa Arusha wewe."

Hebu nikusimulie, rafiki yangu, maana ilibaki kidogo tu nyumba yetu iachane na kiganja hicho.

Tulikuwa darasa la tano alipokuja mwalimu wa sayansi asiyependa ubao. Umeme alitufundisha kwa betri kuukuu za redio, na mizizi tuliiona ikitoka kwenye maharage yaliyolazwa juu ya pamba. Siku moja alituamuru tucheke bila kujificha. Kahawia tupu, darasa zima. Akasema maji ya kisima chetu, pamoja na utamu wake, yamebeba madini ya floraidi kutoka kwenye miamba ya mlima, na kwamba mifupa ya ng'ombe ikichomwa vizuri huyanasa. "Ninyi ni maji yaliyomwagika, hayazoleki," alisema. "Kazi hii tunawafanyia wadogo zenu, ambao meno yao ya ukubwani bado yamo ndani ya ufizi." Mdogo wangu wakati huo alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa.

Basi tukakusanya mifupa kwenye uwanja wa shule. Jirani yetu, mama wa Kiislamu aliyetoka Tanga, alikuja hadi uwanjani na wasiwasi wake.

"Mwalimu, samahani, hiyo mifupa ya mnyama gani?"

"Ya ng'ombe tu, mama. Nimeichukua kwa mchinjaji wenu pale Daraja Mbili, ili kila nyumba inywe."

"Haya, na mimi niwekee ndoo yangu."

Tuliichoma ndani ya pipa lililofunikwa, isipate hewa nyingi, kwa sababu tuliitaka nyeusi na si nyeupe. Harufu yake, acha tu. Ilishika kwenye sare na nywele, na mama zetu walituogesha kwa maneno kabla ya maji. Kisha tuliitwanga kwenye kinu, tukaichekecha, tukaiosha, tukaijaza kwenye ndoo zenye koki. Mwalimu akamimina maji ya wino wa bluu. Yalipotoka chini meupe, tulipiga makofi mpaka mwalimu mkuu akachungulia dirishani. "Wino ni mfano tu," alituambia, "floraidi hamtaiona. Na mkumbuke, mifupa nayo hushiba. Ikishiba haishiki tena kitu, lazima mchome mingine."

Bibi yangu alianza kwa kejeli. "Tangu lini mfupa ukaosha maji?" Lakini alipouona ule wino, aligeuka. Aliiweka ndoo kando ya kitanda chake, akaifunika kwa kanga, na maji yake yakawa ya kikombe cha mdogo wangu peke yake. Sisi wakubwa ukiigusa koki ile unafinywa. Jioni alimpakata mtoto, akamnywesha polepole, akimwambia kwamba yeye ndiye atakayecheka kwa niaba yetu sote.

Kisha mwalimu akahamishwa. Aliyemrithi hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa chaki. Akachora ndoo ubaoni, akatuambia tuichore na tutaje sehemu zake. Nilipata tiki kubwa. Pipa likabaki uwanjani, likashika kutu.

Nyumbani tulimkumbusha bibi kwamba mifupa hushiba. Hakutaka hata kusikia. Aliyeifunga ndoo ile ni mwalimu, alisema, na kilichofungwa na mwalimu hakifunguliwi na watoto. Maji si yalikuwa yanatoka meupe kama siku ile? Kwa heshima hiyo hiyo aliendelea kumnywesha mjukuu wake, mwaka baada ya mwaka, maji ya kisima yaliyopita katikati ya mifupa iliyokwisha kushiba.

Meno ya ukubwani ya mdogo wangu yalipoota, yalikuwa ya kahawia kuliko yangu. Bibi alimpeleka mlangoni penye mwanga, akamshika kidevu, akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akamwachia. "Mwalimu yule alitudanganya," alisema, na hakulisema tena jambo hilo. Jirani naye akairudisha ndoo yake kufulia nguo. Bibi alikufa akiamini hivyo, na hilo linaniuma kuliko meno yangu.

Siku hizi ndoo ya bibi ni ya kunyweshea kuku wa mdogo wangu, na koki yake imeng'olewa. Uwanja tuliochomea mifupa umejengwa madarasa mapya. Siku ile ya mwezi uliopita nilikuwa nimekaa uani kwa mdogo wangu nikiitazama ile ndoo, mtoto akaja mbio kunionyesha kazi yake ya shule. Lilikuwa chujio la mifupa, na tiki nyekundu pembeni.

"Mmelitengeneza?" nilimuuliza, nikiinuka.

"Hapana, mama mkubwa. Tumelichora."

Alikuwa amelichora vizuri, na tabaka la mifupa amelipaka rangi nyeusi kwa uangalifu. Nilimsifu, ningefanya nini. Akafurahi, akafunika mdomo, akaenda zake bombani kunywa maji ya kisima kile kile.