Mapigo Matatu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni Ijumaa moja niliyovaa kanzu ya harusi chini ya koti jeupe la kazi. Kaka yangu alikuwa anaoa kule Bombo, nje ya mji, alasiri ile, na mimi ndimi niliyetakiwa kukaa ubavuni kwake wakati wa nikaha. Unacheka? Cheka tu. Nilijiona mtanashati kweli, na kila nikipita kwenye kioo cha korido nilijitupia jicho.

Nianze mbali kidogo, maana wewe umezaliwa juzi. Vita vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma, na Kampala ilikuwa inajikung'uta vumbi. Sisi Wanubi, watoto wa askari wa zamani, tulitembea kwa kunyata, maana tulihesabiwa upande wa watawala walioangushwa. Nyumbani kwetu tulisema Kiswahili pamoja na Kinubi, lakini watu wengi mjini Kiswahili walikijua kutoka kizuizi cha barabarani, kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Nilipofungua mdomo, nyuso zilifungwa. Nilitafuta kazi mpaka soli ya kiatu ikaisha.

Aliyenipa kazi ni Daktari Namusisi, mwanamke wa Kasubi, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa mtafiti wa maradhi ya moyo. Alisoma nje, wakamwomba abaki, akarudi na mashine moja kuukuu ya kupiga picha za moyo, akaiweka kwenye chumba kidogo cha hospitali na kuifunika kitambaa cha kudarizi kila jioni. Hakuniuliza baba yangu alipigana upande gani. Aliniuliza kama naweza kutazama kitu kimoja kwa muda mrefu bila kuongea. Nikasema naweza. Ule ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwake, lakini huo alinisamehe siku hiyo hiyo.

Alichokuwa anakitafuta ni hiki. Mtoto anaumwa koo, watu wanasema ni mafua tu, yatapita. Miaka baadaye yule mtoto hawezi kupanda ngazi. Ugonjwa umemshukia moyoni na kukaza vali, yaani mlango mdogo ambao damu hupita. Daktari alitaka kujua mlango huo unabana kwa kasi gani, na ni watoto gani wanaopaswa kuwahiwa. Wahenga walisema moyo wa mwenzio ni msitu wa giza. Basi yeye alikuwa akiingia kwenye msitu huo kila asubuhi, na kutoka na karatasi mkononi.

Kazi yake ilikuwa na adabu zake. Jeli ya kupaka kifuani ilipashwa moto kwanza kwenye beseni la maji, mtoto asishtuke. Kiganja kilitangulia kifuani, mashine ikafuata. Na ule mlango wa moyo ulipimwa katika mapigo matatu, kila pigo na kisanduku chake kwenye karatasi. Mimi niliona pigo moja linatosha. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na mtu wa umri huo anajua kila kitu.

Sasa rudi kwenye ile Ijumaa. Mgonjwa wa mwisho alikuwa binti mdogo, Zawadi, aliyeletwa na mama yake, Mkongo aliyeuza vitenge soko la Nateete. Daktari alikuwa wodini. Nilimlaza mtoto, nikapima pigo la kwanza, na picha yenyewe haikuwa safi. Mara umeme ukakatika, mashine ikafa. Ungerudi baada ya dakika tano au baada ya magharibi, nani ajuaye, na mashine ile ikishazimika ilitaka muda mrefu kuamka. Nikatazama saa. Nikamwona akilini kaka yangu mkekani, ubavu mmoja mtupu. Nikachukua kalamu, nikaandika namba ile ile katika visanduku vyote vitatu.

"Tayari?" mama akauliza.

"Tayari, mama. Hali yake si mbaya," nikamjibu. Nikavua koti, nikakimbilia Bombo.

Harusi ilifana. Sitakudanganya kwamba niliteseka, nilicheza mpaka kanzu ikalowa.

Jumatatu Daktari alinikuta nafuta meza. Lazima ujue kwamba mwezi uliofuata walikuwa wanakuja wapasuaji kutoka nje, nao wangeweza kuwapasua watoto wachache tu. Orodha ilipangwa kwa namba zetu. Mtoto ambaye mlango wake umebana zaidi ndiye wa kwanza, mwingine angoje mwaka mwingine, akiufikia. Daktari alishika karatasi ya Zawadi.

"Rajabu, hii moyo ni ya nani?"

"Ya Zawadi, Musawo." Hivyo ndivyo tulivyomwita sote, kwa neno la Kiganda la daktari.

"Hapana, ssebo," akasema, yaani bwana kwa Kiganda. "Zawadi iko na moyo ya mutu. Hii kalatasi iko na moyo ya saa. Ulipima mala ngapi?"

"Mara tatu."

Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na yangu ilikuwa fupi kama kile chumba. Hakupiga kelele. Aliniambia nivue shati, nilale. Akanipaka jeli, akaigeuza mashine niione, akanipa kitufe cha kupimia mkononi. "Pima moyo yako mwenyewe," akasema. Nikapima pigo la kwanza, la pili, la tatu. Namba zikakaribiana, lakini hakuna iliyofanana na mwenzake, na mimi nilikuwa kijana mzima ninayebeba magunia. Nikapima tena, vivyo hivyo. Nikamwambia yote, umeme, kanzu, kaka yangu.

"Na zingine? Iko kalatasi ingine kama hii?"

Zilikuwepo. Si nyingi, lakini sikuweza kuapa ni zipi.

Mwanangu, sikiliza mwanamke yule alichofanya. Alikuwa amealikwa ng'ambo kusoma matokeo ya kazi yake mbele ya wakubwa wa fani, safari aliyoingoja miaka. Alitoa karatasi zote zilizokuwa na mwandiko wangu, akazipiga mstari mwekundu moja baada ya nyingine, nzuri na mbaya pamoja. Kisha akaandika barua kwamba hatakwenda. Niliiona, maana alinipa mimi niipeleke posta, na bahasha hakuifunga. Aliandika kwamba vipimo havijawa tayari, na kwamba kosa ni lake, kwa kuwa hakumfundisha vizuri msaidizi wake. Jina langu halikuwamo. Nililia pale dirishani pa posta, na sioni haya kukuambia.

Niliporudi nikamuuliza kama nifungashe vyangu.

"Ukienda, nani atanitafutia Zawadi?" akasema. "Na siku ingine umeme ikipotea, acha kisanduku tupu. Tupu haijaua mutu."

Kwenye daftari, mbele ya jina la Zawadi, tulikuwa na neno moja tu, Nateete. Nilizunguka soko siku mbili. Nilianza na Kiganda changu kibovu, wachuuzi wakanitazama kando. Siku ya pili nikachoka, nikauliza kwa Kiswahili changu cha kambini, kile nilichokuwa nakimeza kila nikiwa mjini. Mwanamke mmoja wa Bukavu, Mkongo naye, akageuka, uso ukamng'aa, akanishika mkono mpaka kwenye kibanda cha mama Zawadi. Mtoto alikuwa ameketi juu ya robota la vitenge, midomo imepauka.

"Mama," nikasema, "siku ile nilikudanganya. Sikumpima mtoto sawasawa."

Nilitegemea kofi. Mama akakunja kitenge alichokuwa akikipima.

"Mutoto yangu hawezi tena kutembea mbali," akasema. "Wewe ulimwacha, wewe utamubeba."

Nikambeba. Teksi ilitushusha chini ya kilima cha hospitali, na tangu pale nilipanda naye mgongoni, mama akitufuata na viatu vya mtoto mkononi. Kifua cha mtoto kilikuwa kimenilalia mgongoni, na moyo wake nikausikia ukinigonga, mara mbio, mara taratibu, mara kama umesita. Nilikuwa nimeuandika moyo ule bila kuujua. Nusu ya kilima nikaanza kuogopa kwamba utanyamaza kabla sijafika, nikaomba kila dua niliyofundishwa na bibi yangu.

Daktari alikuwa amekwisha kupasha jeli moto. Alimpima mwenyewe mara tatu, akanipa kitufe, nami nikapima mara tatu. Mlango ulikuwa umebana zaidi sana kuliko namba yangu ya uongo. Jina la Zawadi likapanda juu ya orodha. Wapasuaji walipokuja, alikuwa miongoni mwa wa mwanzo. Leo ana watoto wawili, anauza vitenge pale pale Nateete kwa sauti inayosikika mpaka stendi, na bado ananiita Punda.

Daktari alianza upya vipimo vile vyote. Ilimchukua miaka. Ng'ambo alikwenda hatimaye, nywele zikiwa na mvi, nao wakasimama kumpigia makofi. Aliporudi kitu cha kwanza alichoniuliza ni kama nilifunika mashine. Wanafunzi wake sasa wametapakaa kila mahali, wana mashine zinazoonyesha damu kwa rangi, na wote, nenda kawaulize, wanapasha jeli moto.

Mwaka niliokaribia kustaafu, aliletwa yeye mwenyewe, amezeeka, anahema. Vijana wa pale ni hodari kuliko mimi, lakini alisema anamtaka Rajabu. Nikaweka kiganja kwanza. Nikapima, na yeye amefumba macho.

"Soma," akasema.

Nikasoma namba tatu.

"Iko sawa? Zote?"

"Hazifanani, Musawo."

Akacheka, kicheko kidogo kilichomkatisha pumzi. "Basi mimi niko mutu," akasema. Hakuishi sana baada ya hapo. Nilimzika Kasubi pamoja na umati ambao sikujua ulitoka wapi, na Zawadi alisimama karibu nami, mzima, akilia kwa sauti.

Mwanangu, wiki ijayo unaanza kazi kwenye chumba kile. Mashine utaijua upesi, una akili. Nasaha yangu ni hii. Usichokiona, usikiandike. Ukiharakishwa na harusi, au msiba, au njaa, acha kisanduku tupu na useme kwa nini. Watakukaripia, lakini karipio halivunji mfupa. Na ukikosea, kwa kuwa utakosea, mtafute uliyemkosea kwa miguu yako mwenyewe, uwe tayari kumbeba. Mimi nilibahatika kumkuta bado yuko hai, na bahati hiyo usiitegemee.

Lete kichwa chako hapa. Mungu akupe jicho linalosubiri na kalamu isiyodanganya. Akupe bosi kama niliyempata mimi. Na kila mtoto utakayemlaza kwenye kile kitanda, Mungu amwinue arudi kwao kwa miguu yake. Amina. Haya, nenda, na asubuhi yako ya kwanza kazini usisahau kupasha jeli moto.