Nywele Nilizonyolewa Nashik

Nikisema niliwahi kufika India, watu wa Kasulu huniuliza nilikuwa naumwa nini. Hakuna anayeamini kwamba Mha anaweza kupanda ndege kwenda India akiwa mzima wa afya. Nikiwajibu kwamba nilikwenda kujifunza zabibu, wanacheka, na siwalaumu, hata mimi nilicheka taarifa ilipofika ofisini. Mimi ni afisa ugani, kata yangu ni Nyakitonto, na huko mkulima akikuita shambani basi migomba inanyauka au maharage yameingiliwa na wadudu. Kwa nini hawakumtuma mtu wa Dodoma, ambako zabibu zinalimwa, sijui mpaka leo.

Mji wenyewe unaitwa Nashik. Wahindi huenda huko kuhiji, maana mto Godavari unapita katikati, na mahekalu yamejipanga kandokando yake, mengine ya mawe meusi ya zamani sana. Ukitoka nje ya mji kidogo unakutana na mizabibu, shamba baada ya shamba, imetandazwa juu ya waya kama nguo zilizoanikwa, na vichala vimefungwa magazeti ili jua lisiviunguze. Sisi wa kozi tulikuwa tunasomea umwagiliaji wa matone. Wenzangu walikuja wawili wawili, watatu watatu kutoka nchi zao. Mtanzania nilikuwa peke yangu.

Nilidhani nitakumbuka ugali. Nilichokumbuka ni mikono. Kwetu salamu si jambo la kupita njiani: unamshika mtu mikono, unamshika mabega, unamuuliza habari za nyumbani, za shamba, za mvua, na bado hujamwachia. Walimu na madaktari wanaohamishiwa kwetu kutoka mikoa mingine huona tunawapotezea muda. Nashik watu walikuwa wema, lakini wema wa mbali. Waliunganisha viganja kifuani, wakainamisha kichwa, basi. Vijana waliniomba picha barabarani, wakasimama karibu yangu bila kunigusa, wakashukuru, wakaenda zao. Jioni nilikuwa naingia chumbani na kujikuta nimejishika mkono wangu mwenyewe. Sikupenda kabisa hali ile.

Dada yangu alinipigia simu nikiwa shambani, nimeshika mkasi wa kupogolea. Tumezaliwa wawili tu, na yeye ndiye aliyebaki na mama Kumsenga, kijijini kwetu huko Kibondo. Hakuzungukazunguka.

"Musaza wanje," aliniita, yaani kaka yangu kwa Kiha, na tangu utotoni hajawahi kuniita vingine. "Mawe ametuacha." Mawe kwetu ni mama. "Alijilaza mchana, hakuamka."

"Mnazika lini?"

"Kesho. Usijisumbue kuja, hutamkuta. Maliza masomo yako. Yaliyobaki tutayaongea ukifika."

Nikasema sawa, kisha nikakata simu. Kutoka Nashik hadi Mumbai, Mumbai hadi Dar, Dar hadi Kigoma, kisha barabara mpaka Kibondo. Hata ningeondoka saa ile ile ningekuta udongo umeshakauka.

Niliwaambia wenzangu wa kozi. Walisema pole, na najua walimaanisha, ila kengele ya chakula ikalia wakaenda kula. Nilikasirika, tena hasira ya kijinga, kwani walitakiwa wafanye nini? Kwetu watu wangejaa uani bila kuitwa. Wengine wasingesema neno, wangekaa tu, na kukaa kwao ndiyo pole yenyewe. Mimi nilikaa na feni.

Katika ukoo wetu, mama akifa, watoto wa tumbo lake hunyolewa siku ya kuondoa matanga, kwenye kizingiti cha nyumba yake. Siku hizi kila mtu na wembe wake, lakini kizingiti ni kile kile. Nywele zinafukiwa mgombani nyuma ya nyumba, na hapo ndipo watu husema umemlilia mzazi wako. Asiyenyolewa wanamtazama kama mtu aliyekuwa anapita akasikia kelele za msiba. Siku ya matanga dada alinitumia picha. Uani kumejaa watu, na yeye yuko katikati, amejifunga kitenge kichwani. Nikajua ameshanyolewa. Nikajua zamu yangu imepita na sasa ni mimi tu niliyebaki na nywele ambazo mama aliziona. Sikumuuliza dada kitu. Niliogopa anaweza kunijibu.

Jumapili ya mwisho kabla ya kurudi nyumbani nilishuka mtoni. Ngazi za mawe zinateremka hadi majini, na siku ile zilikuwa zimejaa watu. Koo nzima nzima zilikuwa zinaoga, zinasali, zinagombana, zinakula. Niliona watu wamebeba majivu ya marehemu wao kwenye vyungu vilivyofungwa kitambaa. Pembeni vinyozi walikuwa wamechuchumaa juu ya magunia, na mbele ya mmoja wao wanaume wawili waliofanana sura walikuwa wananyolewa upara, mmoja baada ya mwingine, huku mzee wao amewashika mabega. Walikuwa wanalia. Sikuhitaji mkalimani.

Nilisimama pale muda mrefu. Mimi ni mtu wa kanisani, na sikuwa nimeomba ruhusa ya mtu yeyote, wala wa kule wala wa kwetu. Lakini niliwaona wale ndugu wawili wakiinuka, vichwa vinang'aa, wameshikana, nikawaonea wivu. Nikaenda nikakaa mahali pao.

Kinyozi alikuwa mzee mwembamba. Alizitazama nywele zangu, akautazama wembe wake, akanitazama tena, kama fundi aliyeletewa redio ya aina asiyoijua. Kisha akauliza neno moja.

"Aai?"

Neno hilo nilishalisikia kwa mpishi wa hosteli, kila alipoongea na nyumbani kwao kwa simu. Ni mama. Nikaitikia kwa kichwa. Mzee akaweka kiganja chake juu ya utosi wangu, hakunyoa, akakiacha pale tu. Alikuwa mtu wa kwanza kunigusa tangu nifiwe. Nikalia kwa sauti, kama tunavyolia kwetu, mpaka watu wakageuka. Walipoona nimekaa wapi, wakageukia mambo yao.

Alipokaribia kumaliza alitaka kuniachia kishungi kidogo kisogoni, kama ilivyo desturi yao. Nikamwonyesha kwa mkono aondoe zote. Akanionyesha mto, kwamba nywele zinatupwa humo. Hilo nikalikataa kabisa. Kwenye mkoba nilikuwa na gazeti la kufungia vichala, la kutoka shambani, nikazikusanya zote humo na kulikunja vizuri. Nilirudi hosteli kichwa kikipigwa na upepo, na kwa mara ya kwanza nililala usingizi wa maana. Nilijiona nimetimiza, tena nilijiona mjanja.

Nilifika Kumsenga kwa bodaboda kutoka Kibondo mjini, mchana. Dada alikuwa amekaa uani anapukuchua maharage. Aliponiona alitupa ungo, akaja mbio, akanishika mikono, akanishika mabega, tukalia tukiwa tumeshikana. Nilikuwa nimeingoja mikono ile tangu Nashik. Kisha akainua mkono kunishika kichwa, kofia ikaanguka.

Akaacha kulia.

"Nani kakunyoa?"

"Kinyozi wa huko. Mtoni."

"Ulikuwa na nani?"

"Na nani tena? Peke yangu."

Alifungua kitenge alichojifunga kichwani, taratibu, akakiweka begani. Nywele zake zilikuwa zimejaa kichwa kizima, hazijachanwa, zimesokotana.

Ndipo akanieleza. Siku ya matanga wazee walimweka kwenye kizingiti, akakataa. Walimgombeza, walimbembeleza, akawaambia tuko wawili na yeye atamngoja wa pili. Wazee wakachoka, wakaondoa matanga bila sisi. Muda wote huo alitembea na kile kitenge, sokoni, kisimani, kanisani, na wanawake wakasema huyu hataki mama yake apumzike. Juu ya mlango kulikuwa na kikombe cha bati, na ndani yake nyembe mbili mpya, kila mmoja kwenye karatasi yake. Yaliyobaki tutayaongea ukifika, aliniambia kwenye simu. Kumbe ndiyo hayo.

"Sasa kwa nini hukuniambia?" nikamfokea. Ndivyo nilivyo, nikiumia nafoka.

"Ningekwambia nini? Mtoto wa mama mmoja anaambiwa?" Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Musaza wanje, ulidhani umefiwa peke yako?"

Ndicho hasa nilichodhani. Nililala na wazo hilo na kuamka nalo kwenye chumba kile chenye feni, na wakati huo huo huku Kumsenga mtu alikuwa anatukanwa kisimani kwa ajili ya kuningoja.

Alienda akakaa kwenye kizingiti, akanipa mgongo.

"Ninyoe basi," akasema.

Nikautoa wembe mmoja. Kabla ya kuanza niliweka kiganja juu ya utosi wake nikakiacha pale, maana sikujua namna nyingine ya kumwomba radhi. Nililitandaza lile gazeti la Nashik miguuni petu, nywele zangu zikiwa ndani, na zake zikaangukia juu. Tulikwenda pamoja nyuma ya nyumba tukazifukia mgombani, yeye anachimba na mimi nimeshika gazeti.

Wembe wa pili ulibaki kwenye kikombe, na karatasi yake. Nikienda Kumsenga bado naukuta. Dada hajautumia, na mimi sijathubutu kuuondoa.