Mama na Dawa za Kila Mtoto

Kwetu Uvira, ukienda kumwona mgonjwa hospitalini mikono mitupu, afadhali ungebaki nyumbani. Wengine hupeleka ndizi. Sisi watoto wa mama yangu tulipeleka dawa, kwa kuwa kila mmoja wetu ni mjuzi na hakuna aliyemwuliza mwenzake.

Mama alilazwa kwa malaria tu. Malaria ikaisha, mama akazidi kulegea. Akisimama, magoti yanamkatalia. Akizungumza, ananiita mchungaji na kuniomba nifupishe mahubiri. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilienda kulia kando ya bomba la maji, maana dada yangu wa Bwegera alikwisha kuulizia viti vya msiba.

Daktari, mwanamke mpole asiye na mchezo, akataka kuona kila kinini, kila kidonge anachomeza mama. Nikauvuta mfuko uliokuwa chini ya mto, nikaumwaga kitandani. Dawa ya usingizi kutoka kwa dada. Dawa ileile kutoka kwa kaka yangu wa Bujumbura, boksi tu ndilo tofauti. Ya kizunguzungu. Ya tumbo. Na yangu ya mgongo.

"Mama, yote hii unakunywa?" daktari akamwuliza.

"Ndiyo. Kila mutoto alileta yake. Nikiacha ya moja, atasema simupendi."

Daktari akashusha pumzi. "Hii ya usingizi inamupa kizunguzungu. Hii ya kizunguzungu inamuongezea usingizi."

Nyingi ziliondoka siku hiyohiyo. Ya usingizi akasema ataipunguza polepole. Dada akawaka, eti mama ananyang'anywa uhai. Kaka akapiga simu kuitetea ya kwake. Nami, bila haya, niliiombea ya mgongo.

Asubuhi moja nilirudi na uji, nikakuta kitanda kitupu. Nikapiga yowe. Dada akatangulia mbio koridoni huku analia kwa sauti ya kilioni kabisa, mpaka tukafika kwenye mlango wa choo uliofungwa kwa ndani. Tukaugonga kwa ngumi.

"Mama! Nani amekuleta huku?"

"Miguu yangu! Hata chooni munanifuata?"

Nikaegemea ukuta, nikacheka kwa furaha. Dada akazidi kulia.

"Na weye mudogo," mama akaniita kwa ndani, "ambia dada yako anyamaze, bantu batafikiri nimekufa."